Italia ilivyozalisha farasi bingwa na kuipoteza mbegu yake

ITALIA ni miongoni mwa mataifa yaliyozalisha farasi mashuhuri zaidi duniani, lakini historia ya ufugaji wake ni historia ya mali iliyotoka nyumbani ikaenda kuwatajirisha wengine.

Sifa za farasi hao zilivuma mapema katika mji wa Mantova, kaskazini mwa nchi, uliotawaliwa na ukoo wa Gonzaga. Mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa karne ya 16, watawala hao waliagiza farasi kutoka Afrika Kaskazini na milki ya Waturuki ili kuboresha mbegu yao.

Mapenzi yao kwa wanyama hao yangali yanaonekana katika kasri la Palazzo Te, lililojengwa na msanifu Giulio Romano kuanzia miaka ya 1520. Ukumbi mmoja wa kasri hilo umepambwa kwa michoro mikubwa ya farasi wa ukoo huo.

Kusini, mji wa Napoli ulikuwa chemchemi ya sanaa ya kupanda farasi. Mnamo 1550 Federico Grisone alichapisha kitabu kuhusu mafunzo ya farasi, nacho kikatafsiriwa katika lugha kadhaa za Ulaya.

Farasi wa Napoli waliwavutia wafalme wa kigeni. Wawili kati yao, Conversano aliyezaliwa 1767 na Neapolitano aliyezaliwa 1790, wamo katika orodha ya madume waanzilishi wa farasi weupe wa Lipizza, ambao ni fahari ya jiji la Vienna hadi leo.

Katika karne ya 18, Mfalme Carlo wa ukoo wa Bourbon alianzisha shamba la kuzalishia farasi huko Persano, karibu na Salerno. Hata hivyo, baada ya Italia kuungana kuwa dola moja, serikali ilivunja ufugaji huo mnamo 1874.

Damu ya eneo hilo haikufa kabisa. Farasi wa Salerno aitwaye Posillipo, akiwa na mpandaji Raimondo d'Inzeo, alishinda dhahabu ya kuruka viunzi katika Michezo ya Olimpiki ya Roma mnamo 1960.

Ushindi wa aina hiyo ulitokana pia na kazi ya Federico Caprilli, afisa wa jeshi aliyefariki 1907. Kabla yake, wapandaji waliegemea nyuma farasi aliporuka. Caprilli aliwafundisha kuinama mbele ili mgongo na kinywa cha mnyama viwe huru, na mtindo huo ukaenea duniani kote.

Lakini aliyeipa Italia jina kuu katika mbio za farasi ni Federico Tesio, aliyezaliwa 1869. Mnamo 1898 alianzisha shamba huko Dormello, kando ya Ziwa Maggiore. Hakuwa na ukwasi wa mabwana wa Uingereza, hivyo alitegemea jicho lake na kumbukumbu za nasaba.

Mnamo 1915, vita vikiwa vimeporomosha bei, Tesio alinunuliwa huko Newmarket farasi jike aitwaye Catnip kwa paundi zisizofika 80. Catnip alimzaa Nogara, naye Nogara akamzaa Nearco mnamo 1935.

Nearco alikimbia mara 14 na hakushindwa hata mara moja. Mnamo Juni 1938 alishinda Grand Prix de Paris, akimwacha nyuma Bois Roussel, bingwa wa Derby ya Uingereza mwaka huo.

Kizuri chajiuza. Siku chache baadaye Nearco aliuzwa kwa Mwingereza Martin Benson kwa paundi 60,000, kiasi kikubwa mno wakati huo. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, mmiliki huyo alimjengea handaki la kumkinga dhidi ya mabomu.

Faida ya farasi dume haiishii uwanjani, kwani kila mwaka wamiliki wa majike hulipa ili apandishwe. Hivyo, aliyemnunua Nearco alinunua pia vizazi vyake. Miongoni mwa wajukuu wake ni Northern Dancer, mshindi wa Kentucky Derby ya 1964, na katika kizazi kilichofuata alitokea Secretariat, aliyetwaa mataji matatu makuu ya Marekani mnamo 1973.

Tesio alifariki Mei 1954, miezi michache kabla ya Ribot, farasi mwingine aliyemzalisha, kuanza mashindano. Ribot alikuwa mdogo wa umbo hata hakuandikishwa kwa Derby ya Italia. Hata hivyo, alishinda mbio zote 16 alizoshiriki, zikiwemo Prix de l'Arc de Triomphe za 1955 na 1956.

Naye pia aliondoka. Mnamo 1960 alikodishwa Marekani kwa miaka mitano, lakini kwa ukali wake ikaonekana ni hatari kumsafirisha tena. Alifia Kentucky mnamo 1972.

Nyumbani, mambo yalizidi kudorora. Mnamo 2009 Derby ya Italia iliondolewa katika daraja la kwanza la mbio za Ulaya na kushushwa hadi la pili, na masafa yake yakapunguzwa kutoka mita 2,400 hadi 2,200.

Shamba la Dormello lilimzaa Nearco, lakini anayeitaka damu yake leo huenda kuitafuta Ireland, Uingereza au Marekani.