Mashine ya kufulia imegoma kutoa maji au kukamua? Kagua haya kabla hujamlipa fundi

Julai iliyopita nilikuwa kwa shangazi yangu Tosamaganga, kilomita kama 15 kutoka Iringa mjini. Kama umewahi kuishi Nyanda za Juu Kusini, baridi ya mwezi huo unaijua. Ukifua kwa mkono asubuhi vidole vinakufa ganzi, na blanketi linaweza kukaa kwenye kamba siku mbili likiwa bado bichi.

Ndiyo maana shangazi alinunua mashine ya kufulia, ile ya mapipa mawili. Anafulia majirani na wanafunzi, anapata chochote kitu. Jumamosi hiyo upande wa kukamua ukagoma. Unanguruma tu, hauzunguki. Fundi akaja, akasikiliza nusu dakika, akasema mota imekufa, inatakiwa mpya. Shangazi akaanza kuhesabu hela yake ya kikoba.

Jioni tukachomoa mashine kwenye umeme na kumulika kwa tochi ya simu. Kumbe soksi ya mtoto ilikuwa imeteleza pembeni ya ngoma na kujisokota chini yake. Tukaivuta kwa plaizi, taratibu. Mashine ikazunguka.

Si kila mashine itapona hivyo. Lakini inapogoma kutoa maji au kukamua, kuna vitu vidogo ambavyo unaweza kuvikagua mwenyewe bila kufungua hata skrubu moja. Twende kwa mpangilio.

Kabla ya kugusa chochote

Zima mashine, kisha chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe peke yake hakutoshi. Maji na umeme havina utani.

Usishike plagi ukiwa na mikono iliyolowa au umesimama kwenye maji. Kama maji yamemwagika hadi kwenye soketi au ekstensheni, zima kwanza swichi kuu ya nyumba.

Ukigusa bodi ya mashine ukahisi umeme unakuchezea, hata kidogo, usiendelee kuitumia. Hiyo ni kazi ya fundi umeme, akague mashine pamoja na waya wa ethi wa nyumba yako.

Jua una mashine ya aina gani

Mapipa mawili: upande mmoja unafua, upande wa pili unakamua. Unahamisha nguo kwa mkono. Nyingi za aina hii hazina pampu, maji yanashuka yenyewe.

Otomatiki ya mlango wa juu: inafua na kukamua kwenye ngoma moja. Baadhi zina pampu, nyingine zinamwaga maji kwa kushuka tu.

Otomatiki ya mlango wa mbele: ina pampu, na nyingi zina chujio chini kwa mbele.

Tofauti hii ni muhimu, maana kosa la mashine moja ni utaratibu sahihi wa nyingine.

Anza na maji, halafu ndiyo kukamua

Watu wengi wanaanza kulaumu mota. Ila mashine nyingi za otomatiki hazikubali kukamua kwa kasi kama bado kuna maji ndani. Kwa hiyo ukiona haikamui, chungulia kwanza. Kama kuna maji, tatizo lako ni maji.

Hata kwenye mapipa mawili, mpira ukiziba maji yanaweza kurudi chini ya ngoma ya kukamulia na kuifanya izunguke kwa shida.

Maji hayatoki: kagua hivi

1. Angalia mpira wa kutolea maji. Je, umekunjika? Mashine imesukumwa ukutani ikaubana? Kuna ndoo juu yake? Unyooshe, kisha jaribu tena.

2. Angalia urefu wa mpira kutoka sakafuni. Mashine isiyo na pampu inahitaji mpira ulale chini. Ukiupitisha dirishani au kuuning'iniza kwenye sinki, maji hayatapanda. Mashine ya mlango wa mbele ni kinyume chake: nyingi zinataka mwisho wa mpira uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiwa chini sana, maji yanaweza kutoka yenyewe wakati mashine bado inayajaza. Ukiwa juu sana, pampu inaelemewa. Kipimo kamili kipo kwenye kitabu cha mashine yako.

3. Angalia mwisho wa mpira. Kama umeingizwa kwenye bomba la maji machafu, usiusukume hadi ndani kabisa wala kuziba nafasi yote. Hewa inatakiwa ipite. Jaribu kuutoa na kuuelekeza kwenye ndoo. Maji yakitoka vizuri, mashine yako ni nzima. Kilichoziba ni bomba la nyumba.

4. Safisha mpira. Kama unatoka kwa urahisi, ufungue na upitishe maji ya bomba kwa nguvu. Huku kwetu mvua zikianza, tope jekundu linaingia na nguo. Na ukijaza mashine kwa ndoo, mchanga nao unaingia. Changanya na manyoya ya masweta na mablanketi, unapata kizibo kigumu. Chuja maji kwa kitambaa safi kabla ya kuyamimina.

5. Kwa mapipa mawili, angalia swichi ya kuzungusha. Hakikisha ipo sehemu ya kutoa maji. Ukiizungusha ukaona imelegea kuliko kawaida, huenda kamba au kiungo kinachovuta kizibo cha ndani kimechomoka. Kukirudisha si kazi kubwa kwa fundi.

Kusafisha chujio la mlango wa mbele

Tafuta kamlango kadogo chini kwa mbele, mara nyingi upande wa kulia. Nyuma yake ndipo lilipo chujio la pampu.

Chomoa umeme. Kama ulifua kwa maji ya moto, subiri yapoe. Usifanye haraka hapa, watu wanaungua.

Tandika dekio, weka beseni bapa. Ukiona kampira kadogo pembeni, kachomoe na uache maji yatoke kwanza. Kisha zungusha chujio kidogo kidogo kinyume na mwelekeo wa mshale wa saa. Beseni likijaa, kaza, mwaga, endelea.

Ndani usishangae kukuta sarafu, pini za nywele, vifungo, waya wa sidiria au vijiti vya meno. Toa vyote. Mulika na tochi uone kapanga kadogo ka pampu. Kasukume kwa kijiti. Kakizunguka kwa kusitasita ni kawaida kwa pampu nyingi, zina sumaku. Kakiwa kamekwama kabisa, kuna kitu bado kipo.

Rudisha chujio na ulikaze vizuri, la sivyo utafua na sakafu.

Maji yametoka lakini haikamui

Mzigo wa nguo. Hili ndilo la kwanza, hasa huku kwenye baridi. Blanketi moja zito likinywa maji linakaa upande mmoja wa ngoma. Mashine ya otomatiki inajaribu kulisawazisha mara kadhaa, ikishindwa inaacha. Ifungue, lipange upya, na ongeza taulo moja au mbili zisaidie kusawazisha. Kama ngoma imejaa sana, punguza.

Kwenye mapipa mawili, panga nguo kuzunguka ukuta wa ngoma, zikandamize, kisha weka kile kifuniko cha plastiki cha ndani juu yake. Wengi wanakitupa. Kazi yake ni kuzuia nguo zisiruke na kuangukia pembeni, kama ile soksi ya kwetu.

Mfuniko au mlango. Ukiwa haujafunga sawasawa, mashine haikamui. Ni ulinzi huo. Tafadhali usikubali fundi akuunganishie waya ili mashine izunguke ikiwa wazi. Ngoma inayokamua inaweza kuvunja mkono wa mtoto.

Povu. Sabuni ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi. Likijaa ndani, pampu inashindwa kuvuta maji na mashine inasita kukamua. Suuza kwa maji matupu, halafu safari ijayo punguza sabuni au tumia ya mashine.

Sakafu. Mashine ikiyumba, haitakamua vizuri. Weka pima maji juu yake, kisha zungusha miguu yake hadi isimame sawa. Kama ni mpya, ya mlango wa mbele na inaruka kama inataka kutembea, angalia nyuma: zile bolti za kusafirishia zimetolewa?

Umeme mdogo. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Jioni taa zikififia, mota inaweza kunguruma bila kuzunguka. Zima hapo hapo, ukiiacha inaungua. Subiri umeme utulie. Kifaa cha kulinda umeme, kama kile cha friji, kinasaidia, ila hakikisha kina uwezo wa kubeba mashine yako.

Sikiliza sauti

Kimya kabisa: angalia soketi, breka na mfuniko. Chomeka taa kwenye soketi hiyo uone kama inawaka.

Inanguruma, haizunguki: kuna kitu kimekwama, breki imeshika, umeme ni mdogo au kapasita imechoka. Chomoa, kisha zungusha ngoma kwa mkono. Ikiwa ngumu, tafuta nguo chini yake.

Mota inazunguka, ngoma imetulia: kwa mashine zenye mkanda, umekatika au umechomoka.

Pampu inalia, maji hayatoki: chujio, mpira au kapanga. Pampu iko kimya kabisa: pampu au umeme wake, mwite fundi.

Herufi kwenye kioo

Kwa LG, OE ni tatizo la kutoa maji, UE ni mzigo haujakaa sawa, dE ni mlango. Kwa Samsung, 5E au 5C ni kutoa maji (wengi wanaisoma SE), UE au Ub ni mzigo. Kampuni nyingine zina herufi zake, soma kitabu. Piga picha kioo kabla ya kuzima, fundi ataihitaji.

Hapa usijaribu mwenyewe

Kapasita: inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Usiiguse.

Harufu ya kuungua, moshi au breka inayoanguka kila ukiwasha.

Ngoma isiyosimama haraka ukifungua mfuniko. Breki imekufa, acha kuitumia.

Mashine iliyo ndani ya waranti. Ukiifungua unaweza kupoteza haki yako. Tafuta risiti na kadi, rudi dukani.

Ukimpigia fundi, mwambie haya

Aina na namba ya modeli (ipo kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma au mlangoni). Kama maji yanatoka au hapana. Sauti unayosikia. Herufi za kwenye kioo. Na vitu ambavyo umeshakagua.

Ukisema "maji yanatoka, mfuniko unafunga, ngoma inazunguka kwa mkono lakini mota inanguruma," fundi anajua aje na kifaa gani. Kwa aliye Tosamaganga au kijijini zaidi, hiyo inaweza kuokoa safari ya pili ya bajaji kwenda mjini.

Akisema mota imekufa, mwambie akuonyeshe alivyoipima. Fundi anayejua kazi yake ana kipimo na hataona shida. Kifaa kikibadilishwa, omba cha zamani ubaki nacho.

Ili isirudie

Kagua mifuko yote kabla ya kufua. Kung'uta tope likiwa limekauka. Soksi na vitu vidogo viweke kwenye mfuko wa wavu. Safisha chujio mara moja kwa mwezi. Ukiwa unafulia watu, kila wiki.

Shangazi sasa ana kopo juu ya mashine. Linaingia sarafu, pini na vifungo vya wateja, na kila Jumamosi anawarudishia wenyewe.