Mwanga na Kiasi Chake

Katika albamu yetu ya nyumbani imo picha moja tuliyopigwa Ifakara mwaka 1981, siku mdogo wangu alipopata komunyo ya kwanza. Mtoto amevaa gauni jeupe, mama naye amevaa jeupe, na nyuma yao ni ukuta uliopakwa chokaa. Nguo zimetoka vizuri, hata mishono inaonekana. Uso wa mama ni weusi mtupu, wenye macho na meno tu. Mama alifariki bila kupigwa picha nyingine ya miaka ile, na kwa muda mrefu tulimlaumu mpiga picha. Hatukumpa kazi tena.

Baadaye mimi nilikuwa fundi redio papo hapo mjini. Siku moja nililetewa flashi ya kamera iliyokufa. Nilipoifungua nilikuta kitu ninachokifahamu: ubao mdogo wenye njia za shaba, kama ule wa redio. Nikaanza kufuatilia kazi ya kila kipande, na katika kufuatilia huko ndipo nilipoielewa picha ya mama.

Tabu ya kupima mwanga ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nchi yetu, wakati huo koloni la Wajerumani, akazitoa katika kitabu mwaka 1905. Alitumia unga wa magnesi, ambao huwaka ghafla kama baruti. Kiasi cha unga kilikuwa cha kukadiria, na aliyekosea aliweza kuungua. Kisha, karibu na mwaka 1930, zikaja balbu za flashi, kila moja ya kuwaka mara moja na kutupwa. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani aliendeleza flashi ya umeme: umeme hulimbikizwa katika kapasita, kisha huachiwa kwa mpigo mmoja ndani ya bomba lenye gesi.

Hata hivyo hesabu ilibaki kichwani mwa mpiga picha. Kila flashi ilikuwa na namba yake. Aliigawa namba ile kwa umbali, akajua afungue tundu la lenzi kiasi gani. Maana mtu akisimama mbali mara mbili, mwanga unaomfikia ni robo tu.

Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Honeywell ya Marekani ilitoa flashi yenye jicho. Jicho hilo hupokea mwanga unaorudi kutoka kwa anayepigwa picha, na ukishatosha huuzima, yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope. Katika flashi za kwanza umeme uliobaki ulipotea bure. Zilizofuata ziliwekewa thairista, kifaa kinachokata umeme na kuacha salio ndani ya kapasita. Kwetu sisi, tulionunua betri kwa kujinyima, hilo halikuwa jambo dogo.

Na ule ubao? Zamani redio iliunganishwa waya mmoja mmoja kwa mkono. Paul Eisler, aliyezaliwa Vienna mwaka 1907 na kuhamia London mwaka 1936, aliwahi kufanya kazi ya uchapaji. Akajiuliza kwa nini nyaya zisichapwe kama kurasa za gazeti. Akatengeneza redio ya namna hiyo, na mwaka 1943 akaomba hataza ya uvumbuzi wake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wamarekani walitumia saketi za kuchapwa katika makombora yaliyojilipua yenyewe yakikaribia ndege. Baada ya vita zikaingia katika redio za watu wa kawaida.

Kilichonishangaza ni kwamba ubao huo wenyewe ni picha. Karatasi ya shaba hupakwa dawa inayoguswa na mwanga, hufunikwa kwa mkanda wenye mchoro wa njia, kisha humulikwa. Palipopata mwanga dawa hukauka na kuilinda shaba. Kwingine shaba huliwa na tindikali. Mwanga ukipungua, njia hukatika. Ukizidi, hupenya pembeni na njia zikagusana. Basi flashi inayopima mwanga imejengwa juu ya ubao uliotokana na mwanga uliopimwa.

Tatizo ni kwamba jicho la flashi halimjui mtu. Hujumlisha mwanga wote unaorudi. Siku ile gauni mbili na ukuta wa chokaa vilirudisha mwanga mwingi, jicho likasema basi, nao uso wa mama ulikuwa haujapata haki yake. Dawa yake ni rahisi: kufungua lenzi zaidi kidogo.

Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa inayopakana na bonde letu, kamera zilizotegwa na mtafiti Francesco Rovero zilimnasa sengi ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi, na alama yake kubwa ni uso wa kijivu. Nilifurahi, ila wivu nao ulinishika: mnyama wa gramu 700 hivi kajulikana kwa uso wake.

Nilimtafuta yule mpiga picha, sasa mzee sana. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya ukuta na gauni. Akanyamaza kidogo.

“Mwanangu,” akasema, “flashi ile ilikuja na kitabu cha Kijapani. Nilikitunza miaka yote. Sikupata wa kunisomea.”

Nikamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu.