Habari za Stesheni za Reli ya Zamani, Kutoka Mombasa Hadi Kisumu



Kila mwaka kijitabu hiki hueleza fedha zilizoingia na zilizotoka, wagonjwa waliotazamwa, na marehemu waliosindikizwa makwao. Mwaka huu tumeona vyema kuongeza kurasa chache za historia, kwa kuwa vyama vya kusaidiana havikuota vyenyewe kama uyoga. Vilianza pale ambapo watu wa makabila mbalimbali walikutanishwa na kazi mbali na kwao, na katika nchi ya Kenya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilifuata reli. Basi mtu atakaye kujua asili ya chama kama hiki, na azitazame stesheni.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mhandisi mkuu alikuwa George Whitehouse. Kabla ya hapo safari ya kwenda bara ilikuwa ya miguu. Wapagazi walitembea miezi mingi, kila mmoja na mzigo wake wa ratili 60 au zaidi. Serikali ya Uingereza ilitaka kuishika Uganda na chanzo cha mto Nile, taifa jingine lisije likatangulia. Hivyo reli iliitwa Reli ya Uganda, ijapokuwa njia yake ya kwanza yote imo katika nchi iitwayo leo Kenya. Ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwezi wa Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Urefu wake ulikuwa maili 580 na zaidi, na gharama yake ilipita pauni milioni 5.

Gharama hiyo haikuwa jambo dogo, maana ndiyo iliyoleta mambo mengine. Serikali ilipoona kwamba reli haiwezi kujilipia bila mizigo, iliwakaribisha walowezi wa Kizungu walime na kupeleka mazao pwani. Walowezi walihitaji ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kwa hiyo mzee asemaye kwamba reli ilileta shamba la Mzungu hasemi neno la chuki, bali anaeleza mfuatano wa mambo kama yalivyotokea.

Ni nani waliojenga? Watu karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Katika hao karibu 2,500 walikufa, na wengine zaidi ya 6,000 walibaki wakawa wenyeji wa nchi hii. Hesabu hizo zimeandikwa. Lakini Waafrika nao walikuwapo: walifyeka msitu, walichimba udongo, walibeba mizigo na kuuza chakula kambini. Katika habari nyingi za reli hao hutajwa kwa mstari mmoja tu, au hawatajwi kabisa. Jambo hilo tutalirudia mwishoni.

Sasa tuziangalie stesheni zenyewe. Msafiri aliyetoka Mombasa kwa gari la moshi la zamani alipanda Mazeras na Mariakani, kisha akaingia nyika ya Taru. Hapo maji yalikuwa haba mno hata ikabidi wajenzi wapelekewe maji kwa gari. Baadaye ilifuata Voi, ambako wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilijengwa njia ya kuelekea Taveta ili kupeleka askari na vyakula kupigana na Wajerumani. Nyuma ya askari hao walikwenda wapagazi wa vita, ambao jina lao limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariokor.

Kutoka Voi msafiri alifika Tsavo. Mwaka 1898 simba wawili walizuia kazi ya daraja hapo kwa miezi kadhaa, mpaka J. H. Patterson alipowaua mwezi wa Desemba. Ngozi zao ziliuzwa Marekani mwaka 1924, na hata leo wanatazamwa katika jumba la makumbusho la Chicago. Makindu kuna hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926, linalojulikana kwa kuwapa wasafiri chakula bila kuuliza dini wala kabila. Sultan Hamud ilipewa jina la mtawala wa Unguja. Kima ndipo mwaka 1900 ofisa wa polisi aitwaye Ryall alipochukuliwa na simba ndani ya behewa, alipokuwa akimvizia simba huyo usiku.

Nairobi yenyewe ilikuwa mahali pa maji baridi katika lugha ya Wamaasai, tambarare iliyofaa kuegesha mabehewa kabla ya kupanda milima. Mbele yake ni ukingo wa Bonde la Ufa, ambao ulikuwa mkali hata kwanza magari yaliteremshwa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipomalizika mwaka 1901. Kutoka Nakuru njia ya baadaye ya Eldoret hupita Timboroa, yenye kimo cha futi 9,000, iliyosifiwa kuwa stesheni iliyo juu kuliko zote katika milki ya Waingereza.

Wazee wa Kinandi nao wana habari yao. Reli ilipopita mpakani mwao walipinga miaka mingi, na mwaka 1905 kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza, walipokutana kwa mazungumzo ya amani. Kwa hiyo mtu apitaye nchi ile kwa gari na akumbuke kwamba njia haikupita bure.

Katika magari yenyewe palikuwa na madaraja matatu. Kwa desturi ya ukoloni, Wazungu walisafiri daraja la kwanza, Wahindi la pili, na Waafrika la tatu, juu ya viti vya mbao. Hata hivyo katika daraja hilo la tatu Mjaluo, Mkamba, Mkikuyu, Mluhya na Mtaita walikaa kiti kimoja usiku kucha, wakagawana chakula, na Kiswahili kikawa chombo cha kusikilizana. Kadhalika katika nyumba za reli za Muthurwa watu walijifunza kuchangiana mmoja wao alipofiwa. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli, pamoja na wengine, waliacha kazi Mombasa kwa sababu ya mishahara midogo na nyumba mbaya. Twaona hapo kwamba watu waliojifunza kuzikana walikuwa wamejifunza pia kudai haki kwa umoja.

Baada ya hayo nyakati ziligeuka. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la reli la nchi tatu likagawanyika. Tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa reli mpya iliyo pana, kutoka Mombasa hadi Nairobi, na mwaka huohuo gari la abiria la njia ya zamani kati ya miji hiyo likakoma. Hatuilaumu reli mpya, maana safari iliyochukua usiku mzima na zaidi imekuwa ya saa tano hivi. Lakini stesheni zake zimejengwa mahali pengine, na nyingi za zile ndogo za zamani zimeachwa bila abiria.

Mwaka huu baadhi yetu tuliwapeleka vijana katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Behewa la Ryall limehifadhiwa humo, na injini kubwa ya moshi iitwayo Mount Gelai. Tulifuatana na mzee mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, aliyekuwa mtia moto katika injini za namna ile. Vijana walipomwuliza kwa nini stesheni fulani ilijengwa mahali pasipo na mji, alijibu kwamba injini hunywa maji kama ng'ombe, na penye maji ndipo palipowekwa stesheni. Mji ulikuja baadaye. Kisha, akiishika ngazi ya injini, alitutajia majina ya wenzake saba waliofanya kazi naye, na wawili kati yao walifia kazini. Tuliyaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya tikiti za kuingilia, kwa kuwa hatukuwa na karatasi nyingine. Tuliporudi tulitafuta katika vitabu vya chama tangu mwanzo, tusione hata jina moja katika yale saba.

Wanachama wenzetu, jambo hilo lilitutia haya. Ikiwa twawalaumu walioandika habari za reli kwa kuwaacha Waafrika bila majina, tutajiteteaje sisi tuliowaacha wetu wenyewe? Kwa hiyo twaleta maombi matatu mbele ya mkutano. La kwanza, kila mwenye mzazi au babu aliyefanya kazi ya reli alete jina lake, kazi yake, stesheni yake na miaka yake, yaandikwe katika daftari maalumu. La pili, barua za kazi na picha za zamani zisitupwe, bali ziletwe zinakiliwe. La tatu, kila mwaka vijana wapelekwe stesheni moja pamoja na mzee mmoja aijuaye, baada ya kuomba ruhusa kwa wenye reli, maana reli ni mahali pa kazi na pa hatari.

Majengo hatuna uwezo wa kuyatengeneza. Hilo ni la serikali. Lakini daftari ni shilingi chache tu, na wazee waliobaki hawatatungoja. Mwacha asili ni mtumwa. Majina saba tuliyopewa yamekwisha kuandikwa katika ukurasa wa kwanza, na kurasa zilizobaki zawangoja ninyi.