Lasker: Bingwa, Fundi au Vyote Viwili?

Emanuel Lasker alishika taji la dunia la sataranji kwa miaka 27, kuanzia 1894 hadi 1921, na hakuna aliyelishika kwa mfululizo mrefu zaidi. Kiswahili humwita bingwa, kikaishia hapo. Nasi walinzi wa lugha tusiridhike upesi.

Wajerumani wana Meister na Weltmeister. Lasker alipata cheo cha kwanza mjini Breslau mwaka 1889, akapata cha pili miaka mitano baadaye alipomvua Steinitz taji. Tukisema bingwa katika hatua zote mbili, miaka hiyo mitano inayeyuka. Bingwa abaki kuwa mwenye taji. Kwa Meister napendekeza fundi. Meister ni neno la karakana: ni seremala au mwashi aliyeiva katika kazi yake hata akaruhusiwa kulea wanagenzi. Fundi wetu ndiye huyo huyo, tena ana undugu na funda, fundisha na mwanafunzi. Na Lasker alifunda kweli. Mihadhara aliyoitoa London mwaka 1895 ikawa kitabu mwaka uliofuata. Gwiji na nguli ni maneno ya kusifu, hayatuambii mtu amefuzu nini.

Mchezo wenyewe je? Sataranji imetujia kwa Kiarabu, nacho kiliipata kwa Waajemi, na mzizi wake ni chaturanga ya Kisanskriti, jeshi lenye viungo vinne. Chesi imetoka kwa Kiingereza, na kama Schach ya Wajerumani, asili yake ni shah, mfalme wa Uajemi. Basi neno moja lataja jeshi zima, jingine lataja mfalme peke yake. Nashika sataranji.

Mwaka 1907 Lasker alitoa kitabu kidogo alichokiita Kampf. Hapa ndipo Kiswahili kinaponifurahisha zaidi. Vita? Hapana, vita ni vikubwa mno, na mtu aweza kupigwa vita bila kujibu. Shindano? Hilo linatazama tuzo. Pambano ndilo. Sikiliza ile -ana iliyomo katika pambana: haiwezekani kupambana peke yako, lazima mwenzako awepo, uso kwa uso. Lasker aliiona sataranji hivyo hivyo, kama mgongano wa akili mbili zenye nia, wala si hesabu ya kete tu, japo hisabati ilikuwa taaluma yake. Kiambishi kimoja kinabeba falsafa yake yote.

Zugzwang ni mfupa mgumu. Lasker mwenyewe aliliingiza katika jarida lake la Kiingereza mwaka 1905 bila kulitafsiri. Zug ni hatua ya kucheza, Zwang ni kulazimishwa. Mchezaji hajashambuliwa, kinachomponza ni kwamba zamu ni yake, na kila kete atakayoigusa itamharibia. Nimesikia mbano ikipendekezwa. Inaeleza dhiki, lakini zamu imesahauliwa. Nasema zamu ya shuruti. Shuruti katika Kiarabu ni sharti, makubaliano; kwetu imekomaa ikawa jambo lisilo na hiari. Ukomavu huo ndio tunaouhitaji.

Kete ambayo Waingereza huiita askofu, Wajerumani huiita Läufer, mkimbiaji. Nalipenda jina hilo kuliko askofu, maana kete yenyewe hukata ubao kwa mshazari kwa mkupuo mmoja. Lakini tusimchanganye mkimbiaji na mkimbizi. Shina ni lile lile, kimbia. -Aji humpa mtu kazi au mazoea, ilhali mkimbizi ana kilichomtimua. Mwaka 1933 Lasker, Myahudi, aliondoka Ujerumani ya Hitler pamoja na mkewe Martha, na mali yao ikataifishwa. Kusema alihama ni kuwapunguzia lawama waliomfukuza. Alikuwa mkimbizi, na alikuwa mkimbizi alipoketi Moscow mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 66, akamaliza wa tatu bila kufungwa mchezo hata mmoja, mbele ya Capablanca aliyemnyang'anya taji.