Mdomo wa Sungura: Swali Lililotafutiwa Jibu Bethesda

Mtoto anapozaliwa na mdomo uliopasuka, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki swali la kwanza huwa hili: mama amefanya nini? Wapo wanaotaja laana, wapo wanaotaja uchawi, na wapo wanaodai kwamba alimcheka mlemavu alipokuwa mjamzito. Hata jina tulilolizoea, mdomo wa sungura, lina kejeli ndani yake.

Fedha nyingi za Marekani za kulitafutia jambo hili jibu la kisayansi zimetoka Bethesda, kitongoji cha Washington kilichoko katika jimbo la Maryland. Hapo ndipo yalipo makao ya taasisi ya taifa ya utafiti wa meno na uso. Rais Harry Truman alitia saini sheria ya kuiasisi mwaka 1948, na sababu yake ilikuwa ya ajabu kidogo: wakati wa Vita Kuu ya Pili vijana wengi walikataliwa jeshini kwa kukosa meno ya kutosha.

Miaka sita kabla ya hapo, daktari wa Denmark, Poul Fogh-Andersen, alikuwa amechunguza koo za wagonjwa wake na kuonyesha kwamba kasoro hii hurithiwa, na kwamba kupasuka kwa kaakaa peke yake ni jambo tofauti na kupasuka kwa mdomo. Lakini urithi huo haukufuata kanuni nyepesi. Kati ya mapacha wa kufanana, mara nyingi mmoja huzaliwa nayo na mwenzake akasalimika.

Mwaka 2002, watafiti wakiwemo Jeffrey Murray na wenzake wa Iowa, waliosaidiwa na taasisi ya Bethesda, walitambua kuwa hitilafu katika jeni iitwayo IRF6 husababisha ugonjwa mmoja wa nadra wa kurithi unaopasua mdomo. Mwaka 2004 ikadhihirika kuwa jeni hiyo hiyo huongeza hatari hata kwa watoto wasio na ugonjwa huo. Mwaka 2009 ikafuata sehemu ya kromosomu namba 8, kisha mwaka 2010 nyingine mbili. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Kila moja huongeza hatari kidogo, na uvutaji sigara, kisukari au baadhi ya dawa za kifafa huzidisha. Tena mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Hata hivyo, dalili iliyokuwa na nguvu kwa Wazungu katika kromosomu namba 8 ilififia kwa Waasia. Waafrika ni wachache mno waliokuwa wamepimwa. Mwaka 2019 tu ndipo Azeez Butali, mtafiti mzaliwa wa Nigeria, na wenzake walipotangaza matokeo kutoka Ghana, Ethiopia na Nigeria, wakataja sehemu mpya zinazohusiana na kaakaa.

Mzazi mwenye mtoto mmoja wa namna hii huambiwa kwamba uwezekano wa kumpata wa pili ni kama 3 hadi 5 katika 100. Kwa sehemu kubwa, hesabu hiyo imetokana na familia za Ulaya, na ndiyo anayopewa hadi leo mama wa Mwanza au Mombasa.