Gede si ya Wageni, na si Mawe Peke Yake

Ukitaja magofu ya Gede, lazima kuna mtu atakwambia, "Hapo ni kazi ya Waarabu." Halafu anaendelea na maisha yake, kana kwamba amemaliza stori.

Haya maneno yana mahali yalikotoka. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka wa 1948, na kitabu alichotoa 1954 alikiita The Arab City of Gedi. Ona hiyo jina tu. Enzi ya ukoloni, mji wowote wa mawe pwani ulihesabiwa kuwa umeletwa na jahazi, watu na ujuzi wao pamoja.

Sasa twende Shanga, kisiwa cha Pate. Miaka ya 1980 Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe, akakuta mwingine chini yake, na mwingine tena, mpaka akafika kwa kimsikiti cha miti cha karne ya 8. Watu walikuwa palepale, wanajenga juu ya walichojenga babu zao, kutoka miti hadi mawe. Kwani mgeni aliyekuja na fundi wake wa mawe angeanza na miti? Uislamu ulikuja na biashara, sikatai. Lakini waliojenga ni wenyeji, Waswahili.

Na Gede hawakuwa watu wa mchezo. Kuna kaburi lina tarehe, mwaka wa 802 Hijria, yaani karibu 1399. Nyumba zilikuwa na vyoo ndani. Nyumba zenyewe zimepewa majina kulingana na vitu vilivyookotwa: ya Mkasi, ya Kauri, ya Bakuli la Kichina. Hiyo ya mkasi ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu bakuli la Uchina ni la kuonyesha wageni, mkasi ni wa mtu aliyekuwa na kazi ya kufanya siku hiyo.

Lakini kuna kitu hata sisi tunaojisifia Gede hupita tu. Mji ulikuwa na kuta mbili, na ule wa nje ulizunguka kama ekari 45. Matajiri, jumba na msikiti mkuu walikuwa ndani ya ukuta wa ndani. Kati ya kuta mbili ndipo wengi waliishi, kwa nyumba za miti na udongo. Hizo hazikubaki.

Toka nje ya lango leo, tembea kidogo kijijini. Utaona fito, udongo, makuti. Mtu anaishi humo na anaambiwa historia iko upande ule mwingine wa ua, yake haimo.

UNESCO waliiweka Gede kwa orodha ya urithi wa dunia 2024, kwa hivyo nadhani watafiti watarudi. Wakija, mimi naomba waanzie pale katikati ya kuta mbili, kwenye miti, ambapo watalii hawapigi picha.