Kutoka "Panda Gari" hadi "Fika Salama": Historia ya Onyo la Barabarani Mjini Kampala

Msafiri atokaye Kampala kwenda Masaka, akiketi karibu na dereva, hakosi kuliona jambo hili. Gari linalotoka upande wa pili huwasha taa zake za mbele na kuzizima mara mbili au tatu, ingawa ni mchana kweupe. Dereva hasemi neno. Huondoa mguu kwenye mafuta, huvuta mkanda kama alikuwa hajaufunga, na gari lililokuwa likipaa hutulia likaenda mwendo wa bibi arusi. Baada ya kona moja au mbili huonekana askari wa usalama barabarani, amesimama kivulini na kile chombo cha kupimia mwendo ambacho ndugu zetu wa Tanzania hukiita tochi. Dereva humpungia mkono kwa adabu, "Afande!", kisha akishapita, naye huwawashia taa wanaokuja.

Wengi huliona jambo hili kuwa ujanja wa madereva, basi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hii ina historia, na kwamba mjini Kampala historia hiyo imefungamana na lugha tunayoifundisha.

Chimbuko la mtego na onyo

Mtego wa mwendo una umri karibu sawa na wa motokaa yenyewe. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha mwendo kuwa maili 20, yaani kilomita 32 hivi, kwa saa. Polisi wakawa wakijificha nyuma ya vichaka wakiwa na saa za kupimia mikononi, mmoja mwanzoni mwa kipande cha barabara kilichopimwa na mwenzake mwishoni. Wenye magari, ambao siku hizo walikuwa matajiri wachache, waliona kwamba wanawindwa. Mwezi Juni 1905 wakaunda mjini London chama chao, Automobile Association, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuwaajiri wapanda baiskeli wazunguke barabarani na kuwaonya madereva palipotegwa.

Je, kuonya namna hiyo ni kosa? Mahakama za Uingereza zilijibu swali hilo mara mbili. Katika shauri la Bastable na Little, lililomo katika taarifa za sheria za mwaka 1907, mwonyaji alisalimika, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba magari aliyoyaonya yalikuwa yamekwisha kuvunja sheria. Katika shauri la Betts na Stevens la mwaka 1909, ilithibitishwa kwamba magari yalikuwa yakienda kasi kupita kiasi, na mwonyaji akatiwa hatiani kwa kumzuia askari asitimize kazi yake.

Chama kikabuni njia nyingine. Walinzi wake walizoea kumpigia saluti kila mwanachama waliyekutana naye njiani. Sasa wanachama wakaarifiwa kwamba wakimwona mlinzi asiyepiga saluti, wasimame wamwulize sababu. Onyo likaacha kuwa katika ishara, likawa katika kukosekana kwa ishara. Hapana mahakama iwezayo kumhukumu mtu kwa saluti ambayo hakuipiga. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hata hivyo, wale madereva wa Uingereza walikuwa wakiokoa faini tu. Ili kufahamu kwa nini onyo kama hilo lilipata uzito mwingine kabisa mjini Kampala, yatupasa kuuliza ni nani aliyesimama barabarani, na alisema kwa lugha gani.

Kiswahili kwenye kizuizi

Kiswahili kiliingia Buganda kabla ya utawala wa Waingereza. Kililetwa na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na Kabaka Muteesa I mwenyewe alikifahamu. Wakati huo kilikuwa lugha ya biashara, ya wageni na ya elimu ya Kiislamu. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert. Askari hao, ambao ni mababu wa Wanubi wa Uganda, walikuja na Kiarabu cha kambini pamoja na msamiati wa jeshi la Misri. Neno afande, ambalo asili yake ni Kituruki, ni kumbukumbu ya njia hiyo ndefu. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, na polisi ya Uganda mwaka 1906, yalikusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili cha kambini kikawa lugha yao ya kuelewana.

Shuleni mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga kwa maandishi mwaka 1929, na si yeye peke yake. Kilipofika mwaka 1952, Kiswahili kiliondolewa miongoni mwa lugha zilizotambuliwa kwa elimu ya Uganda. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Kampala alijifunza Luganda nyumbani na Kiingereza darasani. Ama Kiswahili, mara nyingi alikutana nacho kinywani mwa mtu aliyevaa sare.

Miaka ya hofu

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliitwaa serikali. Mwaka 1973 alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Kwa mwalimu wa Kiswahili hilo lingekuwa jambo la kushangilia, lakini lilitoka kwa utawala ambao watu walitiwa katika buti za magari mchana na wasionekane tena. Lugha haikuwa na kosa, bali ilibeba harufu ya aliyeitangaza.

Amin alipinduliwa mwezi Aprili 1979, na Milton Obote akarudi madarakani mwishoni mwa mwaka 1980. Vita vya msituni vilipoanza mwaka 1981, Kampala na wilaya za jirani, hasa Luweero, zikajaa vizuizi vya barabarani ambavyo Waganda huviita emisanvu. Hapo ndipo maneno mawili ya Kiswahili yalipoingia katika kumbukumbu ya mji: panda gari. Askari walizingira mtaa au walisimamisha magari, wakawashusha watu na kuwapakia katika malori kwenda kambini. Baadhi walirudi, baadhi hawakurudi. Amri iliyotamkwa kando ya lori ikageuka kuwa jina la operesheni nzima, na wazee wa Kampala wangali wakisema "wakati wa panda gari" kama vile watu wa pahali pengine wasemavyo wakati wa njaa au wakati wa tauni.

Mwalimu atazame sarufi yake. Kiswahili sanifu, kikiamrisha watu wengi, husema pandeni. Jina lililobaki ni la umoja, panda, ingawa walioamriwa walikuwa halaiki. Hicho ndicho Kiswahili cha kambini, kisichojali idadi ya waambiwa wala kusema tafadhali.

Katika hali hiyo, dereva aliyetoka upande wenye kizuizi alikuwa na habari yenye thamani ya uhai. Onyo la msafiri kwa msafiri, liwe la taa, la mkono uliotolewa dirishani, au la neno moja la haraka wakati wa kupishana, liliweza kumrudisha nyumbani baba wa watoto. Mapinduzi ya Julai 1985 yaliongeza hatari, kwa kuwa katika miezi iliyofuata mji wenyewe uligawanyika mikononi mwa makundi mbalimbali yenye silaha. Aliyepita salama hakujua kizuizi cha mbele ni cha nani. Kunyamaza katika siku kama hizo kulikuwa ukatili, na aliyeonya hakumzuia askari kufanya kazi yake halali. Alimnusuru jirani asidhulumiwe.

Mtego wa mwendo

Tarehe 26 Januari 1986 jeshi la Yoweri Museveni liliingia Kampala. Hofu ya lori ikapungua, na magari yakaongezeka. Zikaenea teksi ndogo za abiria ambazo watu wa Kampala waliziita kamunye, jina la ndege arukaye kwa kasi na kunyakua mawindo. Aliyewahi kugombewa na makondakta wa kituo cha zamani cha teksi hahitaji kuelezwa sababu. Sheria mpya ya barabara na usalama wake ikatungwa mwaka 1998, na faini za papo kwa papo zikaanzishwa mwaka 2004. Polisi wakaleta pia chombo cha kupimia ulevi, ambacho watu walikibatiza kwa Luganda jina la Kawunyemu, kwa sababu dereva hutakiwa kupuliza ili anuswe.

Kisha, mwaka 2016, baada ya ajali nyingi za kutisha katika barabara ya Kampala hadi Masaka, polisi wa Uganda walianzisha operesheni ya kuwadhibiti madereva waendao kasi na magari mabovu. Jina waliloipa ni la Kiswahili: Fika Salama. Miaka 30 na kitu baada ya panda gari, mwenye sare amesimama tena kando ya njia na maneno mawili ya Kiswahili.

Na madereva waliendelea kuwashiana taa. Hapa ndipo penye shida. Mazoea yaliyokuwa na haki mbele ya kizuizi cha mwaka 1983 yamehamishiwa mbele ya mtego wa mwendo bila kuulizwa kama hatari ni ile ile. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata mita 28 hivi kila sekunde, na mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki huzidi mara nne. Mwaka 2024 watu zaidi ya 5,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini Uganda. Dereva aliyeonywa hupunguza mwendo kwa kilomita moja, na akishamwacha askari nyuma hurudia kasi yake. Mtoto avukaye barabara kilomita ya pili hakuonywa na mtu.

Madereva nao wana hoja yao. Hulalamika kwamba mtego hutegwa penye mapato na siyo penye ajali, na kwamba mara nyingine mazungumzo ya kando ya gari huishia mfukoni badala ya kuishia kwenye hati ya faini. Mwezi Juni 2025 serikali ilijaribu kuliondoa jambo hili mikononi mwa binadamu kwa kutumia kamera zilizopima mwendo na kutoza faini zenyewe. Malalamiko yalikuwa makubwa, hasa juu ya kikomo cha kilomita 30 kwa saa penye makazi, hata mpango huo ukasimamishwa mwezi huo huo. Watu waliozoea kizuizi kuwa mahali pa kunyang'anywa hawaamini upesi kwamba kimegeuka kuwa mahali pa kulindwa.

Fundisho kwa mwalimu

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu atakayeingia darasani mjini Kampala asishangae akiona baadhi ya wazazi wakisita. Hawachukii ngeli wala methali. Wanakumbuka sauti iliyosikika gizani kando ya lori, na jambo hilo halitibiwi kwa kulikana.

Yafaa mwalimu aandike ubaoni panda gari, na chini yake fika salama. Wanafunzi wataona kwamba vitenzi vyote viwili viko katika hali ya kuamuru, umoja, bila kiambishi chochote cha adabu; sarufi pekee haiwezi kuvitofautisha. Cha kwanza tunakiita amri na cha pili tunakiita dua, kwa kuwa tunajua nani alikisema kila kimoja na nini kilimpata aliyeambiwa. Kisha awaulize swali hili: dereva anayewasha taa leo, anasema lipi kati ya haya? Kama anamwambia mwenzake "jifiche", anamwonya dhidi ya adui aliyekwisha kuondoka. Kama anamwambia "punguza mwendo, na usirudie", basi taa zake zinasema kilekile kilichoandikwa juu ya operesheni ya polisi, na pengine zinakisema kwa Kiswahili kilicho bora zaidi.